Mshenga Wetu na Mchanga wa Shimo la Saba

Rehema, mke wangu kipenzi,

Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, umeshiba, umejifunga ile kanga ya kijani niliyokuchagulia mwenyewe pale Korogwe. Mimi afya ninayo. Moyo ndio unaouma. Kwenye simu nashindwa kukwambia, maana ukicheka tu nasahau kila kitu, najiona nina bahati kuliko wanaume wote wa Handeni.

Mpenzi, mshenga wetu amenigeuka.

Unajua kazi yangu hapa Dubai kwenye uwanja wa gofu. Chini ya majani yanayozunguka kila shimo la kulengea mpira kuna mchanga wa chembe nene, ili maji yashuke. Upepo wa jangwa huleta vumbi laini linaloziba taratibu, huku juu majani bado yanapendeza. Ndiyo maana kila mwezi tunachoma bomba jembamba ardhini, tunatoa kipande cha udongo, tunakikata matabaka na kukipeleka maabara, tujue mchanga umebadilika kiasi gani. Anayetia sahihi fomu ni mimi.

Nilipokuja kukuoa, kaka Mhina, mwenzangu wa hapa kazini, alinishikia kazi hiyo. "Bwana harusi, nenda kwa mtoto wa watu," alisema. "Kwani mchanga una miguu?" Kwa furaha nikamwachia fomu tupu, nimeshazitia sahihi. Ningemshuku vipi? Likizo yake iliyopita ndiye aliyepanda Kwashemshi kunisemea kwa baba yako.

Majibu ya maabara yalirudi mazuri, mashimo yote. Halafu juzi juzi shimo la saba likaanza kutuamisha maji, majani yakawa ya njano. Nikachoma bomba mwenyewe. Tabaka la juu lilikuwa vumbi tupu, limeshikana kama unga wa muhogo uliolowa. Mhina hakuchimba popote. Alijaza mifuko yote ya kupeleka maabara kwa mchanga mpya wa stoo!

Mbele ya msimamizi akasema bila kupepesa macho, "Sahihi hiyo si yake?" Tulipotoka nikamuuliza, "Kaka, umenifanyia nini?" Akanijibu, "Mdogo wangu, mimi nina watoto watatu. Wewe una mke tu."

Mke tu, Rehema! Wewe!

Unyapara niliokuwa naungoja amepewa mwingine, na nyumba ya familia imekwenda pamoja nao. Nilishakipanga chumba chetu kichwani, cherehani yako dirishani. Mwaka huu hutakuja. Nisamehe, zile fomu nilizitia sahihi kwa haraka ya kukufuata.

Mimi na wewe tukikosana, desturi ni kumpelekea mshenga. Mshenga akinikosea, nimpelekee nani? Mwezi ujao anakuja likizo, atapita hapo kwako. Mpe chakula, maana bila mdomo wake nisingekupata. Akikuuliza una ujumbe gani wa kuniletea, mwambie huna. Niandikie mwenyewe, hata barua ikichelewa.

Mama mkwe mpe shikamoo yangu kwa mikono miwili. Mama yangu kule Handeni mwambie nakula vizuri. Mdogo wangu Shabani, akikupakia kwenye bodaboda yake, aendeshe polepole, amebeba roho yangu.

Baba mkwe pia nampa shikamoo, ila haya usimwambie. Mhina ndiye aliyemhakikishia kwamba mimi ni mtu wa kuaminika. Nikija, nitakaa mbele yake nimwambie kwa kinywa changu mwenyewe.

Mumeo anayekupenda mpaka anaona aibu,
Hamisi