Soli Zilizolika Mbele

Mwaka umetimia leo, mpendwa wetu, tangu utuache na kibanda chako cha viatu kifungwe. Wateja bado wanapita wakimuulizia Daktari wa Soli.

Kila kiatu ulichopokea ulikigeuza kwanza, ukamwambia mwenyewe anavyotembea, na hata bega analobebea mzigo. Mabegi ya wanafunzi uliyashona hapohapo wakisubiri, ukiwatania kwamba wamebeba mawe badala ya vitabu.

Kisha viatu vyako mwenyewe vikaanza kulika kwenye vidole. Miguu ilikakamaa, ukawa unaiburuta na kupepesuka. Dada yako akakufokea mbele ya wateja, "Saa nne asubuhi umeshalewa? Huna hata haya!"

"Dada, hata soda sijanywa," ulisema, ukamwonyesha soli zako. "Mlevi kiatu chake hulika ovyo. Hivi vimelika mbele tu, vyote viwili. Huu ni ugonjwa."

Hatukukuamini. Tulikutenga hata kwenye vikao vya familia, na hilo linatuuma mpaka kesho.

Ulikwenda hospitali peke yako. Daktari alikueleza kwamba ndani ya seli za mwili kuna vijifuko vidogo, peroksisomu, vinavyovunja mafuta yenye minyororo mirefu sana. Vyako vilikosa mlango wa kuyaingiza mafuta hayo, yakarundikana mwilini, na neva za uti wa mgongo zikaharibika. Mama aliibeba kasoro hiyo bila kujua, akakurithisha. Huenda dada yako naye anayo, na mwanawe wa kiume yumo hatarini.

"Mpeleke mtoto akapimwe, dada," ulimsihi. "Mimi basi tena."

Dada yako akapiga danadana miezi mitatu. Kumpima mwanawe kulikuwa kukiri kwamba alikusingizia. Ugonjwa ukakupanda kichwani, ukapoteza macho, kisha maneno. Neno la mwisho tulilolielewa ni jina la utani ulilompa mpwa wako: Kifungo.

Hapo ndipo dada yako alipompeleka kupimwa, na majibu yakatoka wiki moja baada ya kukuzika. Hukuyasikia, kwa hiyo tunakwambia leo: anayo kasoro ile. Lakini ubongo wake bado mzima. Anapigwa picha kila baada ya miezi sita, na madaktari wako tayari kumpandikizia uboho dalili ya kwanza ikionekana. Laiti ungalijua!

Kila Jumamosi dada yako hugeuza viatu vya Kifungo na kutazama soli, kama ulivyokuwa ukifanya. Machozi humtoka kabla hajavigusa. Mpaka leo soli zimelika sawasawa.

Unakumbukwa na mama yako, dada yako, mpwa wako Kifungo na mafundi wenzako wa barazani. Hatutakusahau kamwe, ndugu yetu. Na wote wasomao haya wajue: hukuwa mlevi.