Uwanja Uliolimwa Matuta

Jumatatu, 8 Januari

Leo tena kupima. Kamba, vigingi, daftari. Fundi Mbwana anashika ncha moja ya kamba, mimi nyingine, kisha naandika. Wiki ya pili sasa. Kazi nimeizoea. Watu bado.

Kazi yangu hasa ni kutafsiri. Fundi ni mtu wa Tanga, Kisukuma hajui hata salamu. Vibarua wengi Kiswahili chao ni cha kuokoteza. Meneja wa kiwanda cha pamba alimuuliza mwalimu mkuu nani amemaliza kidato cha nne na ana mwandiko mzuri, nikatajwa mimi. Mwandiko ninao. Sauti ndiyo sina. Fundi akitoa maelezo marefu, mimi natoa maneno matatu huku nikiangalia viatu vyangu. Vibarua wananiita Bubu. Sichukii.

Nachukia kidogo.

Jumatano, 10 Januari

Meneja alipita na gari jipya, akarudia yale yale. Wakaguzi wa chama cha mpira wanakuja mwanzoni mwa mwezi wa tatu. Wakikuta uwanja ulivyo sasa, vumbi, mawe na magoli ya miti, Marobota watacheza mechi zote za nyumbani Shinyanga. Marobota ndiyo timu ya kiwanda. Zamani wachezaji walikuwa wanapima pamba asubuhi na kucheza jioni. Tangu kiwanda kiuzwe kwa mtu binafsi wanalipwa kucheza tu, na mwaka huu wamepanda daraja. Bariadi haijawahi kuwa na timu ya namna hii. Nani atasafiri mpaka Shinyanga kuiona timu ya kwao? Baba hawezi. Mimi ndiyo kabisa.

Kwa hiyo: nyasi, magoli ya chuma, vyumba vya kubadilishia nguo, vyoo, jukwaa lenye paa, tangi la maji. Wiki nane.

Trekta limekufa. Baba ndiye aliyemshauri meneja aite kundi la kulima kwa ngoma kutoka Ipililo. Malipo yao ni fahali mmoja, atachinjwa hapo hapo wale. Fundi hajawahi kuona watu wanalima kwa ngoma. Alidhani Baba anatania.

Ijumaa, 12 Januari

Mabomba yamefika Malampaka kwa treni. Kesho Fundi anakwenda kuyachukua na lori. Kundi la Ipililo litafika yeye hayupo. Ameniachia maagizo na nimeyaandika: walime juu juu, kina cha kiganja, wavunje madongoa, udongo ubaki sawa kama meza. Nimeyakariri kwa lugha zote mbili. Nimewasemea mbuzi nyumbani. Wamenielewa.

Jumamosi, 13 Januari

Nimeharibu.

Walifika jua halijatoka. Watu arobaini, ngoma mbili, majembe yanang'aa. Mbele yao manju, Mzee Lugwisha, na manyoya ya mbuni kichwani. Nikapiga magoti, nikamwamkia mwangaluka. Akaitikia vizuri, akaniuliza shamba linataka kulimwa vipi. Maagizo yote yalikuwa mdomoni. Nikasema, kulima tu. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Ngoma zikaanza.

Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo. Majembe arobaini yanapanda pamoja, yanazungushwa hewani, yanashuka pamoja. Mstari wa kwanza ulipopita niliangalia nyuma yao. Tuta. La pili likafuata. Matuta, kama ya viazi, yamenyooka kama yamepigwa rula. Wameanza kulima wakiwa watoto na jembe lao halijui namna nyingine. Hata mimi ningepewa jembe ningepiga tuta.

Nilijua pale pale. Nilitakiwa kwenda mbele na kunyoosha mkono. Nikajiambia, wakimaliza wimbo huu. Halafu, wakimaliza huo mwingine. Saa sita mchana matuta yalitoka goli hadi goli. Wanawake wanapiga vigelegele. Wakala fahali wao, wakaenda.

Fundi alirudi saa kumi. Akashuka kwenye lori, akasimama. Kisha akaniambia taratibu, "Binti, tunapanda viazi?"

Dereva akacheka mpaka akakaa chini. Nimekwenda kulia kwenye choo ambacho bado hakina paa.

Jumapili, 14 Januari

Kosa ni langu. Manju aliuliza. Mimi ndiye niliyenyamaza. Naandika hapa ili nisije nikajidanganya baadaye.

Jumatatu, 15 Januari

Meneja alitaka niondoke leo leo. Fundi akakataa. Alisema binti ataondoka akishasawazisha alichoharibu. Pia alichomeka fimbo kwenye tuta akasema ardhi ngumu ya chini imevunjika vizuri kuliko ambavyo trekta lingefanya, ila asiambiwe mtu.

Dereva alipelekwa Ipililo kuwaomba warudi kusawazisha. Manju amekataa. Kazi nzuri namna ile, waibomoe wenyewe? Vibarua wetu wanne wameanza kubomoa. Kwa mwendo wao watamaliza Pasaka.

Fundi anataka niende mwenyewe.

Alhamisi, 18 Januari

Nimekwenda. Njia nzima nilikuwa natamani lori liharibike. Halikuharibika.

Mzee Lugwisha alikuwa anapalilia pamba yake. Nikapiga magoti kwenye matope. Nikamwambia kwa Kisukuma kwamba aliniuliza na mimi sikumjibu, kwamba pale panachezwa mpira na mpira hautambai juu ya matuta, na kwamba niliona kosa tangu tuta la kwanza nikanyamaza. Nadhani hayo ndiyo maneno mengi zaidi niliyowahi kumwambia mtu mzima.

Akaegemea jembe lake. Kisha akacheka hadi akakohoa. Kumbe na yeye alijiuliza siku nzima ni zao gani linapandwa katikati ya magoli mawili. Alifikiri tajiri mpya amechoka na mpira, anataka kuonyesha watu mbegu mpya ya pamba. Hakuuliza tena kwa sababu na yeye aliona aibu.

Atarudi. Sharti lake: nisimame mbele ya watu wote arobaini nieleze mwenyewe.

Jumamosi, 20 Januari

Nimesimama. Nimeeleza. Sauti ilitetemeka kama ya mwanambuzi lakini ilitoka. Mtu wa nyuma akapaza sauti kwamba hasikii. Nikarudia. Akasema hasikii tena, wote wakacheka, kumbe alisikia tangu mwanzo.

Wimbo wa kubomoa matuta haupo, kwa hiyo manju ametunga. Unahusu msichana aliyemeza maneno yakaota viazi tumboni. Msichana huyo ni mimi. Walibomoa kwa mgongo wa jembe, halafu wakapanga mistari wakacheza kwa kukanyaga, mbele na nyuma, ngoma inawasukuma, mpaka udongo ukashindiliwa. Fundi aliweka ubao na pima maji sehemu tisa. Sehemu nane sawa. Akavua kofia.

Fahali wa pili ameliwa. Meneja hakufurahi. Wimbo umeshafika sokoni.

Jumanne, 30 Januari

Tumemaliza kupanda ukoka. Siku sita za kuinama. Tumeng'oa vipando kando ya mto na kuvifukia kimoja kimoja, hatua kwa hatua. Mvua imenyesha mara mbili. Mgongo wangu ni wa bibi. Magoli ya chuma yamesimama, meupe. Nimeligusa moja. Baridi.

Nina furaha. Sijui nimwambie nani.

Ijumaa, 9 Februari

Mvua imekatika kabisa. Jua la kiangazi kidogo, kama kila mwaka. Nje kote malisho yamekauka, ila uwanja ni wa kijani kwa sababu ya tangi. Ukoka umeanza kutambaa na kushikana mikono.

Leo asubuhi tumekuta ng'ombe kumi na mbili wanakula katikati ya uwanja. Wametulia kama wamealikwa.

Jumatatu, 12 Februari

Meneja ameweka bango: NI MARUFUKU KUINGIZA MIFUGO. Ng'ombe wamejikuna nalo, limeanguka.

Alhamisi, 15 Februari

Meneja alizungusha uzio wa waya; umekatwa sehemu mbili. Upande wa goli la kusini umeliwa mpaka udongo. Fundi anasema tukipoteza zaidi ya hapo hakuna ukoka utakaorudi kabla ya wakaguzi. Meneja anataka polisi. Baba amesema ukimleta polisi kwa sababu ya ng'ombe, kesho yake utakuta ng'ombe mara mbili.

Nimewaza jambo siku nzima. Kila ukoo hapa una ngitili yake, sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa mvua ili mifugo isife njaa kiangazi. Haina waya. Haina bango. Na hakuna anayeingiza ng'ombe kwenye ngitili ya mwenzake, hata ng'ombe wake wakiwa wamebaki mifupa. Wanaheshimu vifundo vya nyasi kwenye vijiti kuliko waya wa kiwanda.

Nimemwambia Fundi. Aliniomba nirudie, si kwa sababu hakusikia.

Jumapili, 18 Februari

Kikao cha wazee wa vitongoji vya jirani, chini ya paa jipya la jukwaa. Fundi alizungumza, nikatafsiri. Kisha akakaa akaniachia. Hatukupatana hivyo.

Nikawaomba uwanja ufungwe kama ngitili. Wakanong'onezana, wakaona ni sawa. Nikadhani tumemaliza. Ndipo Mzee Luhende, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote, akaniuliza, "Ngitili hufungwa, halafu hufunguliwa. Hii yenu itafunguliwa lini?"

Hatukuwa tumelifikiria hilo. Fundi alikuwa ananiangalia, hajui nimeulizwa nini. Ngitili isiyofunguliwa si ngitili, ni unyang'anyi. Mzee yuko sahihi.

Nikasema, "Itafunguliwa kila Jumamosi. Ila ng'ombe hawataingia. Nyasi ndizo zitatoka."

Nikaeleza. Nyasi za mpira zikishashika lazima zikatwe kila wiki. Zinazokatwa zitakuwa za kaya moja, kwa zamu, za ndama na ng'ombe wagonjwa. Orodha nitaiandika mimi. Mzee Luhende akauliza atakayevunja je. Nikasema, kama ngitili yoyote: mbuzi mmoja.

Akakubali. Wote wakakubali. Jioni alifunga vifundo mwenyewe, kijiti kwa kijiti, kuzunguka uwanja. Nilipomwambia Fundi nilichoahidi akasema ningemuuliza kwanza. Kisha akasema hapana, ni vizuri hukuniuliza.

Jumanne, 20 Februari

Hakuna hata ng'ombe mmoja. Wanapita pembeni, wanageuza shingo.

Jumatatu, 26 Februari

Ng'ombe mmoja ameingia. Ni wa Baba.

Yule jike mwekundu, alikata kamba yake. Amekula kona ya kaskazini na kuacha nyayo zake, kubwa, zimedidimia. Mzee Luhende amekuja nyumbani na wazee wawili, wamesalimia vizuri, wamekaa. Baba alijaribu kusema kamba ilikuwa imeoza. Wakamsikiliza mpaka mwisho. Kisha wakamwangalia mbuzi.

Nilitamani ardhi inimeze. Kama Baba angekataa, kesho kila mtu angeingiza wa kwake, na uwanja ungeisha siku tisa kabla ya ukaguzi. Baba alijua. Akanigeukia.

"Sheria utunge wewe," akasema, "mbuzi nitoe mimi."

Akatoa. Yule beberu mweupe. Wazee wamemchinja na kumkaribisha Baba, naye amekula zaidi ya wote. Anasema lazima apate chake. Mimi sikuweza kula. Baadaye nikala.

Jumatano, 6 Machi

Wamekuja. Watu watatu, viatu vya kung'aa, futi ndefu ya kamba. Nimeshindwa kunywa hata chai.

Walipima magoli, walipima kona, walifungua mabomba ya vyumbani. Maji yalitoka. Mmoja mnene alidondosha mpira akaangalia unavyodunda, akarudia mahali pengi. Halafu akafika kona ya kaskazini, akainama. Nyayo za jike mwekundu. Tulizijaza udongo lakini ukoka haujashika. Akauliza hii ni nini, na kwa nini uzio umekatika, na je, siku ya mechi ng'ombe wataingia? Njiani wamepishana na makundi matano.

Meneja akaanza kueleza kwa Kiingereza kirefu. Mkaguzi akatoa kalamu. Nikaona uwanja wote unaondoka, unakwenda Shinyanga kwenye ile kalamu yake.

Nikasema, "Hawataingia. Huyo alikuwa wa baba yangu, na baba ametozwa."

Akanigeukia. Nikamweleza kuhusu vifundo, zamu na mbuzi. Sikuangalia viatu, si vyangu wala vyake. Wakati naeleza, kundi la ng'ombe likapita nje kwenda mtoni. Sote tukaangalia. Wakafika kwenye vijiti, mchungaji hakunyanyua hata fimbo, wakakunja kona wakaenda zao.

Mkaguzi akaandika. Akasema amekagua viwanja vingi vyenye ukuta wa matofali na mbuzi ndani.

Tumepita. Sharti ni kuziba waya na kuweka milango ya vyoo. Meneja alipiga honi kutoka uwanjani mpaka kiwandani. Fundi amenipa mkono kama mwanaume mwenzake. Baba anawaambia watu kwamba ni ng'ombe wake aliyepitisha uwanja.

Jumamosi, 16 Machi

Mvua imerudi. Tumekata nyasi kwa mara ya kwanza, kwa fyekeo, tukianzia upande wa jukwaa.

Wa kwanza kwenye orodha ni kaya ya Mzee Luhende. Amekuja mkewe, na shuka kuukuu. Tumejaza, tumefunga, nikamsaidia kujitwika. Akashukuru, wabeja. Akauliza mechi ni lini. Nikamwambia Jumamosi ijayo, saa kumi. Akasema ana miaka mingi anapita hapa na hajawahi kuangalia mpira, atakuja.

Fundi anaondoka baada ya mechi. Meneja anataka nibaki kutunza uwanja. Nimesema ndiyo, mpaka matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yatoke, halafu tutaona.

Jioni watu walipokwisha kuondoka nimepewa chokaa nichore mstari wa katikati. Nimetembea kinyumenyume, polepole, kopo mkononi. Nyasi zilikuwa na unyevu. Sikuona haja ya kuharakisha.