Mstari Mweusi Kwenye Ua la Kushoto

Salome mwenzangu,

Nakuandikia nikiwa na kijicho, nikikuficha utajua. Ni miezi mitano tangu tukuzike kwenu Lumuma, na bado unanishinda.

Unaikumbuka karatasi ya kalenda uliyoibandika juu ya meza yetu ya rangi, maua kwenye jagi, kazi ya mchoraji wa Kifaransa wa zamani? Nilicheka. "Huyu hakumaliza," nikasema. Ukanijibu, "Rudi nyuma, Rashidi, mpaka mlangoni." Sikurudi. Ningerudije, na siku ileile Mzee aliyetufundisha kazi alisema mbele ya wateja, "Rashidi anachora, Salome anaona"?

Baada ya msiba Mzee aliipeleka picha yako ya mwisho Mikumi, kwenye kibanda chetu cha barabarani. Yale maua ya madhabahuni yaliyonyauka, uliyoyaomba kanisani Jumatatu ukayatia kwenye kopo la rangi. Akaitundika katikati ya picha zangu za tembo. Wageni wanawapita tembo, wanasimama kwenye maua. Na tembo nimewachora hadi kucha, Salome.

Juzi nilibaki peke yangu kibandani. Unatujua sisi wachora vibao: kazi haijaisha mpaka izungushiwe mstari mweusi. Nikachukua brashi ya herufi, nikalizungushia ua la kushoto. Nilijiambia nakumalizia kazi. Uongo. Nilitaka ifanane na zangu.

Ndipo nikarudi nyuma mpaka mlangoni. Ua langu lilikuwa kama chapa kwenye gunia. Mengine yote, yale madoa yako ya waridi na kijivu niliyoyaita uchafu, yalikuwa na hewa, na jua la asubuhi la dirishani kwenye karakana yetu pale Kilosa. Nililia. Wivu ulitangulia, majonzi yakafuata, nisamehe.

Nilijaribu kuufuta mstari kwa tapentaini. Rangi yako ikaanza kutoka, nikaacha. Mzee alipouliza ni nani, nikasema ni mimi. Akaiacha palepale, katikati ya tembo wangu.

Picha haiuzwi. Chini yake nimeandika jina lako kwa herufi zangu nzuri kuliko zote, halafu kwa ndogo: ua la kushoto limeharibiwa na Rashidi.

Jumatatu nitabisha hodi kanisani, mimi na kofia yangu ya msikitini, niombe maua yaliyonyauka. Sitayazungushia mstari, nakuahidi. Siku nikikushinda nitakuja Lumuma kukuambia. Pumzika, mwenzangu; usinitarajie upesi.

Rashidi