Baba Hasikii, na Kila Mgahawa wa Nje Una Spika

Mshauri mpendwa, nisaidie maana yamenifika shingoni, na ukisikia ninachotafuta utacheka, kwa sababu sitafuti mume wala kazi, natafuta mgahawa wenye meza nje, mahali ambapo watu watatu wanaweza kukaa kwenye hewa wakasikilizana, na katika mji huu mzima, kiangazi hiki ambacho kila mwenye duka ametoa viti vya plastiki hadi barabarani akajiita bustani, sijapaona.

Mimi nafanya kazi duka la miwani, naishi na baba yangu kwenye nyumba ya ghorofa ambayo mchana kuta zake zinatoa joto kama tanuri. Baba ni mstaafu wa kiwanda cha nguo, alisimama kati ya mashine za kufuma tangu ujana wake mpaka zikamla masikio, lakini hilo tunalijua mimi na yeye tu, hataki lijulikane, watu wakiongea anatazama midomo, akishindwa anatabasamu na kusema, "Naam, naam," na wengi wanamwona mzee mstaarabu asiye na maneno mengi.

Sasa kaka yangu na mkewe walikaa kwenye ndoa muda mrefu bila mtoto. Joto lilipoanza wakatualika chakula cha jioni kwenye mgahawa wa nje, kando ya barabara, jenereta linanguruma nyuma ya ukuta, na kabla hata chakula hakijaja kaka akainama akamwambia baba kwa sauti ya chini, "Baba, mimba ya mke wangu imeharibika." Baba akadaka neno mimba peke yake. Mshauri, aliinuka! Akampiga kaka begani, uso umemng'aa, akasema meza zote zikasikia, "Hongera mwanangu! Hongereni sana! Siku zote nilikuwa naliomba hili!" Wifi akaweka uma chini. Kaka akamshika mkono wakaondoka, na samaki wakaletwa, tukabaki tunawatazama.

Njiani baba akaniuliza, "Mbona wameondoka bila kula?" Ikabidi nimweleze, tena kwa kupaza sauti katikati ya wapita njia. Akasimama, akashika nguzo ya taa. Kisha akasema, "Usiwaambie kwamba sikusikia. Afadhali waseme nina roho mbaya kuliko waseme nimekwisha." Akataka niahidi, nikaahidi. Akasema ataomba msamaha mwenyewe, mimi nimtafutie tu mahali pa nje penye utulivu, maana ndani ya migahawa kelele za sahani na za watu zinagonga dari na kumrudia zote kwa pamoja, na nyumbani kwetu kaka amesema hakanyagi.

Hapo ndipo mateso yangu yalipoanza. Bustani ya kwanza ina kivuli kizuri, lakini wamefunga spika kubwa kama kabati kwenye mti, nikamwomba mhudumu apunguze, akanijibu, "Dada, wateja ndiyo wanapenda." Mteja nilikuwa mimi peke yangu! Nikapanda mgahawa wa juu ya paa, upepo ukang'oa mwavuli ukautua kwenye keki ya watu. Nikapata wa uani, kimya kabisa, nusura nilie kwa furaha, mpaka wakawasha mafeni makubwa eti kwa ajili ya joto, na jirani yao akaanza kuchomelea mageti.

Mwishowe nikachoka, nikawakutanisha hapo hapo uani. Kaka akaja, hakuagiza kitu, akamtazama baba, akasema, "Baba, unajua ulivyotuumiza?" Na baba, kwa woga, akatabasamu. "Naam, naam," akasema. Kaka akanitazama kama vile nimemwita ili aje atukanwe. Kesho yake akaniandikia ujumbe, nisimpigie tena kwa habari za mzee.

Je, nivunje ahadi niliyompa baba? Au kuna mgahawa unaoujua wewe? Hata kama uko nje ya mji, nitakwenda.

Ni mimi, Niliyechoshwa na Mafeni.

MSHAURI ANAJIBU

Pole, dada. Nimekuonea huruma kweli. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Umezunguka mji mzima juani ukiwafokea wahudumu, ilhali maneno matatu tu, "Baba hasikii vizuri," yangemaliza kazi. Unadhani ukipata bustani isiyo na spika masikio ya mzee yatapona? Atatabasamu hapo pia, atasema naam zake, na safari hii utamlaumu nani, ndege?

Tena nikuulize. Wifi yako umemweka wapi? Katika barua nzima ameweka uma chini, akashikwa mkono, basi. Aliyepoteza mimba ni yeye. Umewahi kwenda kumpa pole, au ulikuwa unakagua viti? Nenda leo. Beba chakula, kaa naye, na habari za baba usizianze wewe.

Kuhusu ahadi: usiivunje kwa kunong'ona pembeni, lakini usiibebe tena. Kaa mbele ya baba yako mchana, mwanga uwe usoni mwako, sema polepole: "Baba, waambie wewe kabla Jumapili haijafika, la sivyo nitawaambia mimi." Atafoka. Mwache afoke. Mzee anayependa kuitwa katili kuliko kuitwa kiziwi ana aibu, na aibu hiyo inamla mwanawe wa kiume huku wewe ukiishikia mlango. Wewe unauza miwani! Baba akishindwa kusoma gazeti unampimia macho bila kufanya msiba. Mpeleke akapimwe masikio.

Na mgahawa, kwa kuwa umeuliza: nenda siku ya kazi, wateja wa mchana wakishaondoka na wa jioni hawajafika. Kabla ya kuomba orodha ya vyakula, uliza spika iko wapi, kisha kaa mbali nayo. Baba apewe kiti chenye ukuta nyuma yake, anayezungumza naye akae mbele yake, na aongee mtu mmoja mmoja. Lakini usithubutu kuagiza hata maji kabla lile neno halijasemwa.

ALITUANDIKIA TENA

Mshauri, ulinikasirisha, nikafanya hivyo hivyo. Kwa wifi nilikwenda, tukalia wote wawili. Baba nilipomwambia alifoka hadi jirani wa juu akagonga sakafu, akaninunia, na Jumamosi akavaa shati la kutokea, akatoka bila kuniaga.

Alikwenda kwa kaka. Haya nimeyapata kwa wifi. Anasema alifungua mlango akamkuta mzee amesimama, kofia mkononi, akasema, "Mwanangu, mimi sisikii. Siku ile sikusikia. Naomba uniambie tena." Wifi akasema kwa sauti ya kawaida, baba akatikisa kichwa. Akasema tena, akatikisa kichwa. Mara ya tatu ikabidi apige kelele pale mlangoni, kwamba mtoto wao amekufa tumboni, majirani wakachungulia madirishani, na baba akasikia. Wifi anasema hakuwahi kulitamka kwa sauti mpaka siku hiyo.

Ndani kulikuwa na joto, wakatoa vigoda, wakakaa nje wakila wali uliobaki. Kaka aliporudi kutoka kazini aliwakuta hapo, wifi akamweleza. Kisha kaka akainama karibu na sikio la baba na kusema kwa nguvu, "Baba! Sogea, nikae."