Lori Namba Saba Linalala Munuki

Jumatatu, 2 Juni 2025

Leo nimepewa kazi ya watu wenye digrii — mimi Malith, niliyeacha shule Form Two kule Kitale! Madam Adit, mkubwa wa magari ya kazi za jiji, amechoka kupigia madereva simu akiuliza wako wapi. Anataka mtambo wa kufuatilia magari. Unafunga kisanduku kwa gari, ramani inakuonyesha liko wapi. Wauzaji ni wawili: Gerishon wa Nairobi, tai na manukato, na Waiswa wa Kampala, kitambi na kicheko. Kila mmoja anajaribiwa kwa lori moja la taka, halafu Madam anachagua. Na fundi wa umeme wa yadi ya malori ni nani? Nani mwingine Juba hii!

Tena atahitajika mtu wa kukaa mbele ya skrini. Ofisi ya Madam, mtaa wa Malakia, chini ya feni. Kile kiti ni changu. Nimeshakipima kwa macho.

Jumanne, 3 Juni

Waiswa alifunga chake mwenyewe, chini ya dashibodi ya lori Namba Nne. Haamini mikono ya watu. Gerishon hakutaka kuchafua shati, akanipa mimi: "Boss, weka mahali mwizi hawezi kuona."

Namba Saba ni ya dereva mzee Wol. Dashibodi yake ni fujo ya waya tupu. Nikafikiria sekunde mbili — kichwa changu hakichelewi. Nikabandika kisanduku ubavuni mwa betri kwa tepu nyekundu, waya zake moja kwa moja kwa betri. Umeme safi, na hakionekani! Dakika kumi. Waiswa alimaliza saa mbili nzima amelala chini ya usukani. Nikamuuliza, "Mjomba, nikuletee mto?" Akaniambia nikue kwanza.

Alhamisi, 5 Juni

Hahaha! Lori la Waiswa linapotea kwa ramani kila jioni, linarudi asubuhi. Anakuna kichwa. "Mimi iko weka sawa kabisa," analia. Nikamfundisha. Yadi yetu inaibiwa betri, kwa hivyo kila dereva jioni anafungua yake, anaenda nayo nyumbani kwa boda. Bila betri kisanduku kinakufa. Akaandika maneno yangu kwa daftari — mwenye kampuni!

Cha Gerishon hakijazima hata dakika. Madam amesema kazi yangu ni safi. Kiti kinakuja.

Ijumaa, 6 Juni

Saa kumi na moja jioni, ofisini. Gerishon amefungua ripoti ya Namba Saba na uso wa daktari mwenye habari mbaya. Lori linatoka yadi kila jioni. Linaenda mtaa wa Munuki. Linalala huko mpaka alfajiri! Siku tatu mfululizo.

Madam alivimba. Lori la jiji linabebea nani mizigo? Akampigia mlinzi, mlinzi akaapa lilikuwa limelala yadi. "Basi wanakula pamoja," Madam akasema.

Mimi nilicheka zaidi ya wote. Nikaonyesha kwa kidole: ona, limepita uchochoro wa kule nyuma ya kanisa, pale hata mbuzi anapita kwa ubavu! Mzee Wol ni noma. Gerishon akanigonga mgongo. Madam akasema mtambo uliokamata mwizi ndani ya wiki moja ndio tunanunua, na mimi nitakaa kwa skrini. Akaniambia hivyo mbele ya watu! Waiswa akaanza kukunja waya zake.

Halafu Madam akampigia Wol, simu kwa spika. Jumatatu saa tatu, ofisini, usiguse lori. Mzee hakuelewa. "Madam, mimi nilirudi na boda. Nilibeba betri tu."

Madam akakata simu.

Betri.

Nilisema naenda kukojoa. Sikurudi.

Jumamosi, 7 Juni

Munuki. Nilijidanganya naenda kumsalimia mzee Wol. Mzee hakuwepo, alikuwa ametoka kutafuta watu wa kumsemea kwa Madam. Mke wake Night akanikaribisha ndani, akanipa chai. Betri iko nyuma ya mlango, inawasha balbu moja, watoto wawili wanafanya hesabu chini yake. Na tepu yangu nyekundu. Na kile kisanduku, kataa kake kadogo ka kijani kanapepesa, tip, tip, tip.

"Hako kataa watoto wanakapenda," Night akasema. "Kanatuambia moto wa betri bado uko."

Akaniuliza kama ni kweli mzee atafukuzwa. Miaka kumi na mbili kwa lori hilo. Nikasema sijui. Mimi, ambaye hujua kila kitu!

Ningeweza kukibandua kisanduku. Dakika mbili, nakirudisha yadi, nakificha kwa lori, kalas, imeisha. Hakuna mtu angejua mpaka nife. Vidole vilishafika kwa tepu. Mtoto mmoja akaniuliza saba mara nane ni ngapi.

Nikasema hamsini na sita. Nikaondoka. Sijabandua. Sijasema pia.

Jumapili, 8 Juni

Mvua. Sijaenda kanisani. Nimekaa nikijisifu mwenyewe kwa kioo, haijashika.

Jumatatu, 9 Juni

Saa tatu na robo. Niko kwa benchi nje ya mlango wa Madam. Nilimngoja mzee Wol atoke kwake, nikamwambia Night anipe betri. Boda mpaka hapa, halafu ngazi, betri kwa bega — na hii si betri ya pikipiki, jamani. Iko miguuni. Kataa kanapepesa.

Wako ndani wote. Nasikia kila kitu.

Madam anamsomea mzee makosa. Mzee anasema haki ya Mungu, haki ya Mungu. Halafu sauti ya Gerishon, imebadilika (ramani yake huchelewa dakika kumi hivi): Madam, samahani... Namba Saba iko barabarani. Imetoka Munuki sasa hivi.

"Mimi niko hapa!" mzee anapiga kelele. "Nani anaendesha?"

Imefika Malakia, anasema Gerishon. Imesimama. Iko... iko kwa jengo hili.

Kiti kinaburutwa. Madam ameenda dirishani. Anasema hakuna lori hapa.

"Basi imepanda ngazi!" Waiswa anacheka, peke yake.

Viatu vya Madam vinakuja. Feni yangu naisikia kutoka hapa, inazunguka vizuri sana. Nimeinua betri tena kwa bega, naandika na mkono mmoja, herufi zinaanguka. Kitasa kinageu—