Bibop na Ulezi wa Mama

Jumamosi, mtaani kwetu Kizwite. Upepo unakata masikio, jua lipo kwa jina tu.

Nikiri mapema: nilikuwa nimevimba kichwa. Miezi minne nimetunga kipande changu cha jazi kwa saksafoni yangu ya mtumba. Melodi ni ya bibop niliyojifunza kwenye kanda, zile noti za mbio zinazopinda ghafla. Chini yake nimeweka gitaa la besi na dramu za kisasa. Nilijiona nimefika.

Kumbe hakuna anayeweza kukipiga.

Ambakisye, mpiga dramu wetu, karani aliyehamia kutoka Mbeya, alinipasulia juzi: "Mshikaji, wimbo wako haupigiki. Jumamosi ukinishinda tena, narudi zangu kwaya." Bila yeye hatuna bendi. Dramu zenyewe ni zake.

Leo tumefanyia mazoezi uani kwetu, mama na jirani wakipura ulezi pembeni. Tumeanza mara tatu, na mara tatu Ambakisye amepotea palepale ambapo melodi inaingia katikati ya mapigo. Nikamwambia kama kawaida yangu, nifuate mimi. Akaweka vijiti chini.

Ila hakuondoka. Alikuwa anawatazama kina mama, fimbo moja ikishuka, nyingine ikipanda, hazigongani hata kidogo.

"Mnashangaa nini? Njooni mpure," mama akasema.

Akaenda kweli, karani wa watu, akaipokea fimbo ya jirani. Akawa anapiga kwa wakati mmoja na mama, fimbo zinagongana kwa! kwa! Mama akacheka mpaka akafuta machozi. "Usinifuate, baba. Piga ninaponyanyua."

Ambakisye akanigeukia. Kisha akarudi mbio kwenye dramu. Safari hii hakunifuata. Alipiga pale ninapovuta pumzi, na wimbo ukasimama kwa miguu yake. Tumefika mwisho kwa mara ya kwanza! Nimemkumbatia mpaka akalalamika.

Wiki zote za mazoezi kosa lilikuwa langu, na nilimlaumu yeye. Nimemwomba radhi. Amesema poa.

Jumamosi ijayo tunakipiga ukumbi wa parokia. Mama anakuja, na ameuliza kama kuna nafasi ya kucheza. Nikamweleza kwamba hii ni jazi, mama, watu wanakaa wanasikiliza.

"Wanakaa?" Akanitazama kwa huruma, akarudi kwenye ulezi wake.

Nimeamua. Viti vya mbele tutaviondoa.