Jeneza la Mtu Aliye Hai

Kaptembwo, Nakuru
Ijumaa jioni

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na Mama, na wote mnaoota moto pamoja hapo jikoni. Je, kikohozi chako kimetulia? Na goti la Mama linamruhusu kushuka shambani sasa? Mimi mwili ni mzima, chakula nakula, na kazi ya kuchomelea mageti inaendelea. Lakini moyo wangu hauko mahali pake, Baba, na sitakuficha: ninaogopa.

Kwanza usishtuke kuona ngoma yangu ya isikuti imefika nyumbani bila mimi. Najua kwetu vyombo vya mtu vikirudi peke yake watu huanza kutafuta wembe wa kunyolea matanga. Mimi ni hai. Ninampa ngoma jirani anayesafiri kuja huko usiku huu, pamoja na barua hii, kwa sababu hapa imetafutiwa kazi ambayo wewe mwenyewe ungenilaani nikiifanya.

Nilikuambia kwenye simu kwamba mimi ndiye mpiga ngoma wa mashabiki wa timu ya mtaa wetu. Nilikuambia pia habari za Dan, kipa wetu, tuliyempa jina la Kufuli. Timu hii niliikuta hapa, Baba, na naipenda kama mtu anavyopenda nyumba ya kupanga. Lakini Dan nilimpenda yeye mwenyewe. Kijana mrefu, mkimya, akidaka mpira anaufuta vumbi kwa jezi kabla ya kuurusha, utadhani ni wa kuazima. Mwaka huu alihamia timu ya Rongai, wale tunaowaita Magunia kwa sababu ya maghala yao ya mahindi. Mtaa mzima ukamkana. Mimi nikashindwa. Jumapili ambazo sisi hatuchezi, nimekuwa nikienda Rongai kumtazama, na nikirudi nasema nilialikwa ibada huko. Mungu anisamehe, ibada yenyewe ilikuwa na penalti.

Kesho Magunia wanakuja kucheza hapa kwetu. Juzi kiongozi wa mashabiki, tunayemwita Chairman, alikuja kibandani kwangu na vijana wanne.

"Fundi, niaje? Saturday tunazika Kufuli. Jeneza liko hapo kwa carpenter, limeandikwa namba yake. Tunatoka nalo hadi uwanjani. Wewe unatupigia ile ngoma yenu ya matanga."

Nikacheka, nikidhani ni mzaha. Yeye hakucheka.

"Chairman, hiyo ngoma haipigiwi mtu bado anapumua," nikamwambia.

"Ama ni juu ya vile ulikuwa Rongai? Ulionekana, boss. Hauwezi kula kwa nyumba mbili. Ukipiga, tutajua uko wetu. Usipopiga, pia tutajua."

Kijana mmoja alikuwa anafungua na kufunga koki ya mtungi wangu wa gesi, polepole, huku ananitazama usoni. Tangu siku ile nikisikia hatua nyuma yangu nageuka.

Wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba mapigo ya msiba hayachezewi. Hata uliponifundisha tulikuwa tunagonga mapaja yetu tu, ngoma ikiwa imening'inia ukutani, ili kifo kisije kikadhani kimeitwa. Watu wa huku hawajui hayo. Kwao ni kelele tamu tu ya kumuudhi kipa.

Na hilo si lote. Seremala ni jirani yangu kazini. Jana aliniomba nimsaidie kulisogeza jeneza, ambalo amelifunika kwa turubai, nikashangaa jinsi lilivyo zito. Tukainua kifuniko. Limejaa mawe, ya saizi ya ngumi. "Mimi nilitengeneza box tupu," seremala akasema, akakirudisha kifuniko haraka na kwenda kunawa mikono.

Nilimpigia Dan simu nikamweleza. "Achana nao, fundi, hizo ni story za mafans," akaniambia. "Nikikosa hiyo mechi, coach atasema nimeiuza." Nikaenda kwa mzee wa nyumba kumi, nikitumaini yeye atawakanya. Kabla sijafungua mdomo akaniuliza kama nimeona jeneza lilivyopendeza. Kumbe yeye ni mmoja wa wabebaji.

Lakini lililonivunja kabisa ni la leo mchana. Mama yake Dan huuza sukuma wiki kwenye njia yetu, na tangu mwanawe ahame, wateja wake wengi wamehamia meza ya muuzaji mwingine. Leo alifika kibandani amejifunga leso safi, ameshika pakiti ya sukari na majani ya chai.

"Fundi, nimeona sanduku limefunikwa hapo kwa carpenter," akasema. "Ni nani ametuacha? Siku hizi hakuna mtu ananiambia kitu. Hata kama wamenikasirikia juu ya Dan, msiba ni msiba. Nipelekee hii kwa wenyewe."

Akaniwekea mikononi. Baba, nilisimama pale nimeshika sukari ya matanga ya mtoto wake, na aliyeileta ni yeye mwenyewe. Nilitaka kunyamaza, sikudanganyi. Kunyamaza kungeniachia chumba changu na kazi yangu. Kisha nikamwambia yote, mpaka mawe.

Hakulia. Aliketi juu ya geti ambalo sijalipaka rangi. Halafu akaniuliza wanatokea wapi na jeneza. Nikamwambia ni hapo hapo kwa seremala.

"Basi nitakuja," akasema. "Maiti haitoki bila mwenye msiba. Nitashika hilo sanduku mpaka uwanjani, na mtu akitaka kutoa jiwe, atatoa mkono wangu kwanza." Akasimama, akajikung'uta kutu kwenye leso. "Na wewe, fundi? Utakuwa wapi?"

Nikamwambia nitakuwa kando yake. Maneno yalinitoka tu. Baada ya yeye kwenda nikakaa palepale alipokuwa amekaa. Mimi si shujaa, Baba, wewe unajua; jogoo wa shangazi alikuwa ananikimbiza mpaka nikabalehe. Lakini mama wa watu nimemwahidi, na pale hana mwingine.

Nisalimie dada yangu mkubwa aliyeolewa ng'ambo ya mto, na mjomba wa kinu cha kusaga, na pasta aliyenibatiza, mwambie asiache kunitaja katika maombi Jumamosi hii. Shangazi naye mwambie namsalimu, ila si jogoo wake. Mama msomee salamu hizi tu. Habari ya mawe usimsomee.

Mechi ikiisha nitakupigia mimi mwenyewe. Lakini simu ikilia ukasikia sauti ya mtu mwingine, Baba, mtafutie Mama kiti kwanza, ndipo uulize.

Ni mimi mwanao,
Aggrey